Kesi ya Karibu katika Nchi ya Ndindindi

"Nilisema karibu. Sikusema ingia."

"Sasa karibu ni nini kama si ingia?"

"Karibu ni karibu. Unapita, nakuona, nimekaa na chakula changu, natoa neno zuri. Na wewe unatoa neno zuri, unasema asante, nimeshiba, unakwenda zako. Muulize mgeni wangu huyu. Kwao ndivyo wanavyoishi."

"Lakini mimi sikushiba," alisema Bwana Faki. "Nimwambie mtu nimeshiba na tumbo linanguruma? Tangu lini, Bi Sikitu?"

Walikuwa wamesimama uani, Bi Sikitu na mwiko wake mkononi, Bwana Faki na sahani ya bati. Sahani ile aliifuata kwake. Maana mambo yalikwenda hivi: Bwana Faki alipita njiani, Bi Sikitu akamwambia karibu tule, yeye akaitikia kwa kichwa na kwenda nyumbani kwake, ukuta wa pili. Sisi tukasahau. Kumbe mwenzetu amekwenda kuoga. Alirudi amevaa kanzu ya pasi, nywele zinameta maji, sahani mkononi, wakati muhogo wa nazi umeshapakuliwa kwenye sinia na sufuria imebaki ukoko. Mimi nilikuwa mkekani na tonge mdomoni, sijui nilimeze au nilirudishe.

"Ungekuja palepale," alisema Bi Sikitu.

"Nije na jasho? Mtu amenialika."

"Sikukualika, nilikukaribisha."

Hapo Bwana Faki akakosa la kusema, na mtu aliyekosa la kusema husema baya. Akasema, tena kwa sauti, "Basi hiyo karibu yako ni legelege."

Kwetu Ngamiani mtu akitaka watu wajae mtaani hupiga kelele za mwizi. Kule neno ni hilo moja. Kabla hajafunga mdomo vichwa vilikwishajipanga juu ya ukuta, na nikasikia miguu ya mtu inakimbia kuelekea ofisini. Bwana Faki mwenyewe alikunja uso kama mtu aliyemwaga mchuzi kwenye nguo ya mwenzake. Lakini lilikwishatoka.

Nchi ile inaitwa Ndindindi. Nilivyofika hakuna maana kukueleza; nilikuwa nakwenda kwingine, na mtu mpenda mazungumzo mara chache hufika anakokwenda. Bi Sikitu alinipangisha chumba cha uani, tukawa mashoga siku ileile, maana yeye alikuwa na kiu ya maneno na mimi ninayo mengi. Wenyeji wa Ndindindi hawana ubaya. Ni watu safi, wanalipa vizuri na hawaibi. Ila wana jambo lao.

Waasisi wa nchi ile waliacha sheria moja tu, imechongwa kwenye jiwe kubwa pale sokoni: *Kila jambo na lifanywe kwa umadhubuti.* Kisha wakafa. Umadhubuti wenyewe ni nini, hawakusema. Nadhani waliona kila mtu anajua, kama sisi tunavyoona kila mtu anajua maana ya "nakuja sasa hivi". Basi waliobaki wakagawana maana, na kila maana ikajengewa ofisi.

Kuna Ofisi ya Ukali. Hawa wanashikilia kwamba jambo madhubuti ni jambo lililofanywa kwa uso uliokunjwa. Walimu wanapandishwa vyeo kwa kelele zao. Pale sokoni nilimkuta muuza mikate anawatukana wateja tangu alfajiri, na juu ya kichwa chake ametundika cheti cha ofisi chenye nyota. Mikate yake mibichi katikati. Watu wanainunua, wanasema huyu bwana hana mchezo.

Kuna Ofisi ya Usahihi. Hao wanasema la, umadhubuti ni kupima. Fundi mmoja alipeleka kiti kikaguliwe, akaambiwa mguu mmoja umezidi kwa unene wa kucha. Akaupunguza. Akaambiwa sasa mitatu imezidi. Akaipunguza hiyo mitatu, ukazidi ule wa kwanza. Nilikiona kile kiti. Leo ni kibao cha kukatia vitunguu, na kimepasishwa.

Halafu kuna Ofisi ya Ukakamavu. Kwao kitu madhubuti ni kile kisichopinda: mti, nguzo, shingo, rai. Raia bora kwao ni maiti, kwa sababu hajawahi kuonekana akibadili mawazo wala mkao. Kwa hiyo kila maziko wanakuja na nishani, wanamvisha marehemu, na msemaji wao anawageukia wafiwa na kuwaambia: mwigeni huyu.

Ya nne ilikuwa Ofisi ya Ugumu, iliyoamini kwamba jambo lisiloumiza halijafanywa. Wakajenga jengo lao juu ya jabali lisilo na njia ya kupandia. Wanasadikiwa bado wako kazini.

Nilimuuliza Bi Sikitu yeye anafuata maana ipi. Akasema ana binti wa kuoza, hana nafasi ya maana.

Na hapo ndipo penye uchungu wa kesi yenyewe. Binti yake, Riziki, alikuwa anaolewa Ijumaa ile. Sasa katika Ndindindi ndoa haihesabiwi ndoa mpaka wageni waingie nyumbani kwa bibi harusi, wale, washibe. Wanasema shahidi mwenye njaa hakumbuki alichokiona. Na mtu akipatikana na hatia ya karibu legelege, karibu zake zote zinafutwa kwa mwaka mzima. Hakuna mguu wa mgeni unaoruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Ndiyo maana watu wa kule hawakaribishani ovyo. Unapita mlango hadi mlango, watu wanakula, wanakutazama na kushusha macho, kila mmoja anaogopa kesi. Bi Sikitu aliambukizwa na mimi. Alinisikia ninavyowakaribisha wapita njia kutoka kibarazani, akaona neno lenyewe tamu, akaanza kulitumia.

Ndugu wa bwana harusi walikuwa watu wa shingo ya kale. Walikwishasema: Ijumaa ikipita, imepita. Na inasemekana, mimi nilisikia kwa muuza mkaa, kwamba ng'ambo ya soko kulikuwa na binti mwingine ambaye mama yake alikuwa ameshaanza kuroweka mchele.

Riziki alikuwa anakuna nazi pembeni. Aliposikia neno legelege, aliacha kukuna.

Maofisa hawakuchelewa. Tukasikia mlango wa uani unagongwa na sauti tatu zinasema hodi, moja inabweka, moja inatamka kila herufi, moja nzito kama gogo.

"Karibuni," alisema Bi Sikitu. Mdomo ulikwishazoea. Akatabasamu pia, kwa mazoea yaleyale, na kuwapangusia viti kwa upande wa kanga.

Aliyetangulia ni Bi Mashavu wa Ukali, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuza kunguru. Inasemwa mumewe hurudi nyumbani kupitia dirishani, si kwamba ana kosa, ila mlangoni kuna maswali. Nyuma yake Bwana Kitwana wa Usahihi, mwembamba, kamba ya kupimia shingoni kama tasbihi. Wa mwisho ni Mzee Ngwali wa Ukakamavu. Huyu hajageuza shingo tangu ujana wake. Akitaka kukutazama anageuka mwili mzima, kama mlango. Na sifa yake kubwa ni hii: neno lake la kwanza katika jambo lolote ndilo la mwisho. Halirudishi, halipambi. Kwa hiyo husema kidogo sana, na watu humsubiri.

Walikaa. Bi Mashavu akakiambia kiti kikae vizuri.

"Nani kasema legelege?"

"Mimi," alisema Bwana Faki kwa sauti ndogo. "Lakini nilikuwa na hasira, mheshimiwa. Nalirudisha."

"Hapa neno halirudishwi. Umelisema, linasikilizwa." Akamgeukia Bi Sikitu. "Na wewe, ulimkaribisha?"

"Nilimkaribisha."

"Ukiwa na chakula cha watu wangapi?"

"Cha mimi, na binti yangu, na mgeni wangu huyu. Cha watu wasiotaka kuvimbiwa."

"Kwa hiyo ulimwita mtu kwenye chakula kisichokuwepo. Umejifunza wapi tabia hiyo?"

Bi Sikitu hakunitaja. Alitazama kuku. Lakini yule kuku hakuwa na sura ya mtu aliyefika juzi kutoka ng'ambo, na vichwa vyote vya ukutani vikanielekea mimi. Nikasimama. Nikajifuta tui mdomoni.

Bwana Kitwana ndiye aliyeniuliza, kwa upole wa mtu anayechomoa mwiba.

"Kwenu mtu akipita mnakula, mnamkaribisha?"

"Tunamkaribisha."

"Mnamjua?"

"Si lazima."

"Chakula kinamtosha?"

"Hatuangalii, mheshimiwa. Tunasema kwanza."

"Naye anaingia?"

"Anasema ameshiba."

"Ameshiba?"

"Mara nyingi, hapana."

Bwana Kitwana aliifungua kamba yake, akaikunja, akaifungua tena. "Nisahihishe nikikosea. Mlangoni wamesimama watu wawili. Mmoja anatoa asichonacho. Mwingine anakataa anachokitaka. Wote wawili wanajua."

"Ndivyo hasa."

"Nani anashtakiwa?"

"Hakuna. Wanaagana wamefurahi."

"Na siku akitokea mtu akaingia kweli?"

"Tunaongeza maji kwenye mchuzi," nikasema. "Tunakula naye vizuri, tunacheka. Akishaondoka tunamsema."

Ukutani mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

"Na hiyo mnaiita nchi?" aliuliza Bi Mashavu.

"Ina bendera, mheshimiwa."

Akataka kujua kama maneno mengine nayo tunayatumia hivyohivyo. Nikajibu kwamba mengine tunayashika vizuri. Niliona afadhali nisimtaje fundi cherehani wetu, ambaye nguo yangu ya Idi imekuwa "kesho" tangu Idi ile iliyotangulia. Nilipowatazama watu wale, na nyuso zao za kuamini kila kinachosemwa, nikajisikia vibaya kidogo. Si vibaya sana. Kidogo.

Basi wakaingia katika kujadili karibu madhubuti iweje. Mjadala huo ulikwenda mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia miguuni.

Bi Mashavu alisema jambo liko wazi. Bi Sikitu alitabasamu. Neno lililopita katikati ya tabasamu limeshalegea kabla halijafika nje. Karibu ya kweli haina meno nje. Akasimama kutuonyesha: "Wewe. Ingia. Kaa. Kula." Kuku wa Bi Sikitu, aliyekuwa anapita na mambo yake, aliingia ndani akakaa.

"Unaona," alisema Bi Mashavu.

"Huo ni ukali, si usahihi," alisema Bwana Kitwana. "Umemwita nani? Kuku ameingia kwa sababu hukumtaja mlengwa. Karibu madhubuti ni hii." Akasafisha koo. "Karibu, Bwana Faki wa nyumba ya pili, uingie kwa mlango wa mbele, leo, ule muhogo, wa kupikwa, pamoja na tui lake, kiasi cha kushiba, ambapo kushiba maana yake ni..."

Hapo akakwama. Akauliza kama kushiba ni pale mtu anapoacha kutaka au anapoacha kuweza. Vichwa vya ukutani vikagawanyika. Mama mmoja alisema mumewe huacha kuweza lakini hajapata kuacha kutaka. Mwingine akasema wake kinyume chake, na hayo ni mambo ya ndani. Bi Mashavu akagombeza ukuta mzima. Bwana Kitwana aliomba apewe mtu mwembamba na mtu mnene akawapime, akaambiwa baadaye.

Bi Sikitu alimgeukia Mzee Ngwali. "Na wewe baba, unasemaje?"

Mzee Ngwali hakusema. Alikaa wima, viganja juu ya magoti, anatazama mbele, ambako kwa bahati palikuwa na lile sinia. Nilidhani anawaza sheria. Baadaye ndipo nilipogundua kuwa koo lake lilikuwa linapanda na kushuka.

Muhogo ulikuwa umeshapoa. Tui limeganda juu, vipande vimekakamaa, ungevitia kwenye Ofisi ya Ukakamavu vikapata mshahara.

"Tutoe rai," alisema Bi Mashavu. "Mimi nasema legelege. Alitabasamu, na chakula hakikutosha. Zifutwe."

"Mimi siwezi kusema legelege," alisema Bwana Kitwana, na Riziki akainua uso. "Wala siwezi kusema madhubuti. Maana ya karibu haijakamilika, kwa sababu maana ya kushiba haijakamilika. Mpaka itakapokamilika, karibu zote za nyumba hii zisimame."

"Itakamilika lini, mheshimiwa?" aliuliza Riziki.

"Haraka sana. Ofisi yetu ilishughulikia maana ya 'mlango' enzi za babu yangu, na sasa tumebakiza bawaba tu."

Riziki hakulia kwa sauti. Alichukua ile mbuzi ya kukunia nazi, akaiinamisha ukutani kama mtu anayefunga duka. Mama yake alimwona. Mwanamke aliyekuwa na jibu la kila mtu tangu asubuhi, sasa alikuwa anafuta mwiko usio na kitu.

Ilibaki rai ya Mzee Ngwali, na yeye akisema neno ndilo hilo.

Nikamtazama Bwana Faki. Sikukueleza vizuri habari za mtu huyu. Ni mjane, aliyezika mke wake na kubaki na nyumba ya vyumba vingi na sauti moja. Mtaa mzima unamjua kwa jambo hili: jioni hufunga mlango wake, akaujaribu, akaondoka hatua chache, akarudi kuujaribu tena. Wanamcheka, lakini kwa heshima, maana huyo ndiye Mndindindi hasa. Tangu arobaini ya mke wake hakuna aliyemwambia karibu. Walimpenda, waliogopa kesi. Ndiyo sababu alipoisikia karibu ya Bi Sikitu alikwenda kuoga.

Sasa alisimama, kanzu yake imekunjamana magotini.

"Waheshimiwa, naomba kuuliza."

"Wewe si ndiye mlalamikaji?" alisema Bi Mashavu.

"Ndiye. Lakini mimi nikianza jambo nalifuata mpaka linapoishia. Nimelisema neno legelege, basi nataka kuona linakwenda hadi wapi."

"Uliza."

"Nyinyi mliingiaje humu?"

"Kwa mlango. Unatufanya nini?"

"Mlibisha hodi?"

"Tulibisha. Sisi si wezi."

"Mkajibiwa nini?"

Yule kuku alichungulia mlangoni, akarudi ndani.

Wa kwanza kuelewa ni Bwana Kitwana. Nilimwona anaelewa, kuanzia masikioni kushuka. Maskini, mtu wa usahihi hana pa kujificha.

"Tulijibiwa," alisema taratibu, "'karibuni'."

"Alikuwa na sura gani alipojibu?"

Bwana Kitwana alimtazama Bi Mashavu. Bi Mashavu alitazama kiti alichokalia.

"Alitabasamu," alisema Bi Mashavu mwenyewe.

"Na chakula cha watu watatu wa kuongeza kilikuwepo?"

"Hakikuwepo."

"Basi ni karibu ileile," alisema Bwana Faki. "Imetoka kinywa kilekile, siku moja, kwa kukosa chakula kulekule. Kama ni legelege kwangu, ni legelege kwenu. Na kama ni legelege kwenu, nyinyi mmo ndani ya ua wa mtu bila idhini, mmekalia viti vyake tangu mchana. Sheria ya Kuingia kwa Watu mmeitunga nyinyi, mnaijua kuliko mimi."

Hakusema kwa kujigamba. Alisema kama mtu anayejaribu mlango kuona kama umefungika, na akakaa palepale chini, sahani yake mapajani.

Bwana Kitwana alipendekeza watoke, wabishe hodi upya, waingie vizuri. Bi Mashavu akamuuliza wakishatoka watakaribishwa kwa neno gani, na maneno ya nyumba hii yamesimamishwa na nani, si yeye. Bwana Kitwana akasema basi wasitoke. Bi Mashavu akasema wasipotoka wanaendelea kuvunja sheria, na kila wanavyobishana ndivyo wanavyozidi kuivunja. Wakashushiana sauti, kisha wakapandishiana. Ukutani watu walikuwa wamekwisha kupeana karanga.

Ndipo Mzee Ngwali alipofungua mdomo.

"Nilibisha hodi," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Nikaambiwa karibu. Nikaingia." Akavuta pumzi. "Nimeingia."

Ikawa imekwisha. Neno la Mzee Ngwali halirudi. Kama yeye ameingia, basi alikaribishwa, na kama alikaribishwa, karibu ya Bi Sikitu ni madhubuti, kwa mpita njia na kwa ofisa, kwa leo na kwa Ijumaa. Riziki alikaa chini juu ya vifuu vya nazi bila kutazama anakalia nini. Bi Mashavu alisimama, akaukabili ukuta, akatangaza kwamba kesi imefutwa.

"Furahini," akakemea.

Watu wakafurahi upesi.

Nilimsindikiza Bwana Kitwana hadi mlangoni, maana siwezi kumwacha mtu aondoke na jambo kichwani bila kulijua. Nikamuuliza, baada ya yote hayo, umadhubuti ni nini.

"Ndilo linalonisumbua," alisema. "Yule bwana hakuwa mkali. Hakupima kitu. Na shingo aliigeuza, nilimwona, alilirudisha neno lake hadharani. Amelifuata tu mpaka mwisho, hata lilipomgeukia mwenyewe." Akafikiri. "Inaelekea kuna maana ya tano."

"Mtafanyaje?"

"Tutaifungulia ofisi," alisema, akaniaga.

Bi Mashavu naye akaondoka, maana ofisa haruhusiwi kula kwa mtu aliyemsikilizia kesi. Mzee Ngwali hakuondoka. Bi Mashavu alimwita mara kadhaa kutoka nje, kwa ukali wake wote. Alijibiwa neno moja: "Nimeingia." Akabaki kitini, wima, uso kwenye sinia.

Bi Sikitu alilitazama lile sinia. Alimtazama Mzee Ngwali, akanitazama mimi, akahesabu vichwa vya ukutani ambavyo havikuonyesha dalili ya kwenda kwao. Mwanamke ameshinda kesi, na sasa karibu yake ina nguvu ya sheria.

"Huu ndio ushindi wenyewe," aliniambia. "Shoga, umeniponza."

"Kwetu huwa tunaongeza maji."

"Nimesikia." Akainua sauti. "Riziki. Washa moto. Kamua tui la pili, hata jepesi, urudishe muhogo uchemke. Na ufungue lile gunia la mchele."

"La Ijumaa, mama?"

"Ijumaa itakuja na lake. Fungua."

Riziki alianza kukuna nazi tena, na sasa alikuna kwa kasi nyingine kabisa. Jirani mmoja aliruka ukuta na fungu la mchicha. Mwingine alipitisha papa mkavu juu ya ukuta, mkono tu, uso hatukuuona. Ghafla ua ule ulikuwa na kelele ninazozijua, na mimi roho ikanirudi mahali pake.

Bwana Faki alikuwa ameinuka. Aliipangusa sahani yake kwa upindo wa kanzu, ingawa ilikuwa safi tangu alipoileta, akaanza kwenda zake pembenipembeni mwa ukuta ili asimsumbue mtu. Alikuwa ameshashika komeo la mlango, analijaribu, analijaribu tena.

"Faki."

"Naam, Bi Sikitu."

"Unakwenda wapi na sahani tupu? Karibu tule."

Alisimama. Alinitazama mimi, kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu wakati wa mtihani, kisha akatazama viatu vyake. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutoa jibu la namna hii, maana ilimchukua muda kulipata.

"Asante," alisema. "Nimeshiba."

Tumbo lake likanguruma kwa sauti ya kuburuta meza. Mzee Ngwali, pale kitini, akageuza shingo.

"Muongo we," alisema Bi Sikitu, akamnyang'anya sahani. "Ingia ndani."